Kinywa cha Fundi

Chai ikiwa ya moto mtu huipuliza. Fundi hakuweza. Tangu madaktari wamtoe kisanduku cha sauti na kumwachia tundu chini ya koo, pumzi yake ilikuwa ikiingilia hapo na kutokea hapo hapo, na mdomo ukabakiwa na kazi ya kula tu. Basi mkewe ndiye aliyempulizia. Alichukua kikombe, akapuliza, akaonja kwa ncha ya ulimi kama anavyofanyiwa mtoto, kisha akamkabidhi. Na Fundi, mtu aliyezoea kupinda nondo kwa goti, alikipokea kwa mikono miwili huku anatazama pembeni.

Hivyo ndivyo walivyokuwa asubuhi ile, wiki kadhaa baada ya kutoka hospitali, wakati kaka yake Fundi alipobisha hodi.

Mke alimtambua kwa kikohozi kabla hajamwona uso. Kaka mtu alikuwa muuza mbao, na vumbi la msumeno lilikuwa limeshahamia kifuani mwake likajenga. Nyumba ile hakuwahi kuikanyaga. Harusi yao hakuhudhuria. Alichotuma ni maneno. Aliwaambia watu kwamba mdogo wake kaoa mtumba, tena mtumba wenye lebo yake, kwa kuwa yule mwanamke alikuwa ameachika na amekuja na mtoto mgongoni. Maneno yale yalizunguka mtaa mzima yakarudi nyumbani yamenenepa. Fundi alimfuata kaka yake kwenye mbao zake, wakakamatana mashati mbele ya wateja, na toka siku hiyo kila mmoja akawa anavuka barabara akimwona mwenzake. Mtoto wa mgongoni sasa alikuwa binti mzima, anauza mikate kwenye tanuri la mjini.

Kaka mtu alisimama mlangoni na kofia mkononi, macho kwenye kitambaa cheupe kilichofunika shingo ya mdogo wake. Alisema habari alizipata. Alisema angefika hospitali, ila hakujua angepokewaje. Kisha akajikalia ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Mdogo wangu, nilikukosea," akasema. "Mdomo wangu ulinizidi nguvu. Nimekuja unisamehe."

Fundi alimgeukia mkewe. Midomo yake ikacheza taratibu, bila sauti, kama walivyokuwa wamezoeana. Hakuna mwingine aliyejua kuisoma ile midomo. Hata binti alikuwa anabahatisha, nusu anapata, nusu anakosa. Mke alisoma kila neno. *Mwambie yameisha. Mwambie akae tunywe chai.*

Mke alimtazama kaka mtu. Alikuwa anangoja kaka mtu ageuze uso kidogo tu upande wake, aseme, na wewe shemeji, nilikukosea. Hakugeuza. Mtumba alikuwa yeye, lebo ilikuwa mwanawe, na hawa wawili walikuwa wanasameheana juu ya kichwa chake kama watu wanaopitishiana sahani. Akaisikia sauti yake inasema, wala haikutetemeka:

"Anasema uende."

Fundi alipiga meza kwa kiganja. Chai ikamwagika. Akainuka, akapiga tena, na hasira ikamkaba. Kikohozi kikampanda, na kwa kuwa kikohozi chake hakikuwa na mdomo wa kutokea, kikafyatuka shingoni na kurusha kitambaa pembeni. Kaka mtu akaliona lile tundu jekundu linavyohema. Akarudi nyuma mpaka ukutani. Kama ungekuwa wewe, ungeelewa vipi? Umeambiwa uende, na mwenye nyumba anapiga meza, povu linamtoka. Alivaa kofia yake.

"Basi, mdogo wangu. Basi. Nimesikia."

Mke alikuwa amepiga magoti anafuta makohozi, anashika mabega ya mumewe, anamwambia vuta pumzi, vuta taratibu. Pumzi iliporudi, kaka mtu alikuwa ameshapotelea ng'ambo ya barabara.

Daftari la kuandikia lilikuwa chumbani. Mke aliona afadhali alilete mwenyewe, akaliweka juu ya meza iliyolowa, na kalamu juu yake, kisha akakaa na kungoja hukumu yake. Fundi alilitazama. Akalisukuma pembeni, akanyoosha kidole kwenye birika, kwamba amwagiwe chai nyingine.

Na hiyo chai nyingine mke aliipuliza.

&nbsp;

Karakana ilikuwa mbele ya nyumba, paa la mabati na nguzo nne, mageti yasiyokamilika yameegemezwa kwenye ukuta wa nyumba kama watu wanaosubiri zamu. Moshi wa kuchomelea Fundi alikuwa amekatazwa, maana sasa ungemwingia moja kwa moja mapafuni bila kupita puani. Alikodi mtu wa kuchomelea. Yeye alipima, akachora kwa chaki sakafuni, akakata kwa msumeno wa mkono. Mke aliihamisha cherehani yake kutoka chumbani akaiweka karibu na mlango, ili akishona sare za shule awe na jicho kwa wateja.

Wateja walikuwa wanachosha. Walipoambiwa Fundi hana sauti, walielewa kwamba hana masikio. Mmoja alimwinamia akampigia kelele kuhusu upana wa dirisha mpaka mate yakamfikia. Mwingine, mwanamke aliyevaa viatu vya kugonga, alikuwa anamzungumzia huku mwenyewe amesimama palepale.

"Anasikia huyu?" akamuuliza mke.

"Anasikia kuliko mimi na wewe."

"Na akili iko sawa?"

Mke akamjibu kwamba akili ndiyo iliyompimia geti, akitaka ajaribu fundi mwenye sauti, wapo wengi, wanasikika mpaka barabara kuu.

Zamani, yaani kabla ya kaka mtu kuja, kazi hii ya kuwa kinywa cha mume ilikuwa na raha yake. Fundi alikuwa mkali. Alimwona mteja mjinga, alimwambia ni mjinga. Sasa midomo yake ikisema *mwambie huyu hana akili, bawaba hizo hazibebi hata mlango wa kabati*, mke alisema, "Fundi anashauri tuweke bawaba nzito zaidi, kwa usalama wako." Mteja alitabasamu, Fundi naye akacheka kwa mabega, maana kicheko chake sasa kilikuwa mabegani. Ulikuwa mchezo wao. Mke aliwahi kufikiri, na akajiona mbaya kwa kufikiri hivyo, kwamba ndoa yao haijapata kuwa tulivu kama sasa. Neno la mwisho lilikuwa lake kila siku. La kwanza pia.

Baada ya kaka mtu mabega yaliacha kucheka. Fundi alisema neno lake kwa midomo, kisha akabaki ameukazia macho mdomo wa mkewe, kama mtu anayehesabu chenji kwa muuza duka aliyemtilia shaka. Mke aliyahisi macho hayo. Akaanza kutafsiri neno kwa neno, bila kupunguza chumvi wala kuongeza sukari, ili aonekane mwaminifu. Mtu alikuja na picha ya geti la maua maua, mke akamwambia waziwazi, "Anasema hilo ni geti la mtu anayetamani kuibiwa." Mtu yule akachukua picha yake akaondoka. Fundi hakukasirika, hakufurahi. Akarudi kwenye chaki yake.

Hilo ndilo lililomla mke. Angempiga, angeandika matusi daftari zima, angekuwa amelipa akamaliza. Lakini alikula chakula chake, akanyanyua kidevu abadilishiwe kitambaa, akakiinua kikombe kipulizwe, na kila akifanya hivyo mke aliona kama anamdai. Mtu hawezi kugombana na kinywa chake mwenyewe. Akikikosa hicho, atamwambia nani kwamba ana kiu? Mke alilijua hilo. Alijua pia kwamba mumewe analijua.

&nbsp;

Walipokwenda kliniki binti aliwasindikiza, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Muuguzi alikagua tundu, akasifu usafi wake, akasifu vitambaa ambavyo mke alivishona kwa masalio ya sare. Kisha, huku anaandika, akauliza kama kawaida ya kusalimia:

"Na kwenye kikundi mnaendeleaje?"

"Kikundi gani?" binti akauliza.

Muuguzi alimtazama mke. Akasema siku ya kutoka wodini alimweleza mama hapa kwamba kuna kikundi cha watu waliotolewa kisanduku cha sauti, wanakutana kila Jumamosi nyuma ya zahanati ya kule sokoni, na wanafundishana wao kwa wao: kuoga bila maji kuingia shingoni, kulala, kula, na hata kusema. Ndiyo, kusema. Mtu anameza hewa, anairudisha juu, anaigeuza neno. Si wote wanaoweza, lakini wapo wanaoongea mpaka unawaomba wanyamaze.

Fundi alikuwa ameacha kufunga vifungo vya shati.

"Nilisahau," mke akasema.

Hakuwa amesahau. Wiki za kwanza alikuwa amechoka tu, akaona kikundi ni safari nyingine. Kisha kaka mtu akaja, na toka hapo kila alipoikumbuka ile Jumamosi aliona kitu kimoja: Fundi amefungua mdomo, sauti inatoka, na neno la kwanza ni jina lake yeye na alichofanya. Usahaulifu wa namna hiyo unahitaji kazi ya kila siku.

Midomo ya Fundi ilicheza. Muuguzi akamgeukia mke, kalamu hewani, akingoja. Binti naye akamgeukia. Ilikuwa rahisi sana. Anasema tutaona. Anasema kwanza apate nguvu.

"Anasema Jumamosi hii atakwenda," mke akasema.

Njia nzima ya kurudi alilalamika. Sokoni kuna vumbi. Na huko kumeza hewa na kuirudisha si ndiko kubeua? Amemlea binti yake asibeue mezani, leo baba mtu anapelekwa shule ya kubeua. Watu watasema nini?

Fundi alikuwa ametangulia mbele. Binti alimshika mama yake kiwiko, akapunguza mwendo.

"Mama, unaogopa nini?"

Mke akasema haogopi kitu. Binti akamwachia kiwiko. Lakini tangu hapo akawa anamtazama mama yake kama alivyotazama mkate uliotoka tanurini mapema, mzuri juu na hujui ndani kukoje.

&nbsp;

Chumba cha kikundi kilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Walivipanga vitanda ukutani, wakaweka mkeka na mabenchi. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mrefu waliyemwita Mwalimu, na kweli alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka mingi. Alisema kwa hewa ya tumboni. Sauti yake ilikuwa nzito na fupi fupi, kama mtu anayesukuma kabati sakafuni, lakini kila neno lilifika. Pembeni yake alikaa mzee mwenye kifaa cha betri ambacho alikibandika shingoni akazungumza kwa mlio wa mdudu. Walimpa jina Mzee Nyuki, naye alilipenda. Alisimulia jinsi alivyouliza bei ya viazi dukani, mwenye duka akakimbia akaacha droo wazi. Watu kumi na kitu wakacheka kwa mabega, chumba kimya kabisa, mabega yanapanda na kushuka. Fundi alitazama huku na huku. Kisha mabega yake mwenyewe yakaanza.

Mke aliona. Muda gani hajayaona yakicheka.

Kikundi kilikuwa na sheria yake. Ndugu wa mgonjwa wanakaribishwa, wanakaa benchi la nyuma, ila hakuna kumsemea mtu. Anayemjibia mwenzake analeta soda Jumamosi inayofuata, na soda hiyo wanapewa wanafunzi wapya, maana gesi yake husaidia hewa kupanda. Mwalimu alimuuliza Fundi anafanya kazi gani. Kabla hajainua hata mkono, mke kutoka benchi la nyuma akajibu kwamba anatengeneza mageti.

"Soda," akasema Mwalimu, bila kugeuka.

Alimuuliza kama ana watoto. "Mmoja wa kike," mke akasema, na papo hapo akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mbili," akasema Mzee Nyuki kwa furaha.

Mke wa Mzee Nyuki, mama mnene mwenye ukindu wa kusukia mkeka mapajani, alisogea karibu akamnong'oneza asijali, yeye mwaka ule wa kwanza alikinywesha kikundi kreti nzima. Alisema ugonjwa huu una wagonjwa wawili, wa pili haoni kovu lake.

Jumamosi ya kwanza hakuna kilichotoka. Ya pili, upepo tu. Fundi alikuwa anameza hewa mpaka macho yanamtoka machozi, na hewa inashuka tumboni na kukaa huko kama mpangaji asiyelipa. Mwalimu hakuwa na haraka. Alisema mwanafunzi haanzi na herufi laini. Anaanza na zile zinazogonga, pa, na ta, na ka, kwa kuwa zenyewe zinaisukuma hewa iingie na kuirudisha. Kwa hiyo kila mwanafunzi mpya, awe hakimu awe mchimba mitaro, anaanza na maneno yale yale, na ameyaandika kwa chaki kwenye ubao wa kitanda kimoja kilichosimamishwa ukutani: papa, pata, paka, taka, kata, kaka.

Mke aliyasoma yale maneno kutoka benchi la nyuma. Aliyasoma mpaka mwisho.

"Papa," akasema Mwalimu, Jumamosi ya tatu.

Fundi alisukuma. Kimya.

"Pata." Upepo. "Taka." Upepo, na kikohozi. Wakangoja ajifute.

"Kaka."

Na kikatoka. Kilikwaruza kama geti la chuma lisilotiwa mafuta, kifupi, kibovu, lakini neno. Chumba kizima kiligonga mabenchi kwa viganja. Mwalimu alisema tena, Fundi akasema tena, kaka, na tena, kaka, kaka, uso wake umeelekea kitandani kwenye chaki. Kwa wote mle ndani lilikuwa neno la zoezi, la sita kwenye orodha. Mke peke yake ndiye aliyejua lina mwenyewe.

"Wangu neno lake la kwanza lilikuwa *toka*," mama wa ukindu alimnong'oneza. "Na alikuwa ananiambia mimi."

Mke alicheka, kisha akainamisha kichwa na kulia kwenye kanga. Yule mama akampapasa mgongo. Alisema wote hulia siku hiyo, ni furaha.

&nbsp;

Wiki zilizofuata Fundi alifanyia mazoezi nyuma ya mageti ya karakana. Mke aliyasikia huku mguu wake unakanyaga cherehani. Neno likawa mawili, mawili yakawa kipande cha sentensi. Watoto wa jirani walijifunza kumwigiza, wakimwona wanaitana kaka, kaka, kwa koo la chura, na yeye akawasahihisha. Alianza kuagiza chumvi mwenyewe. Aliacha kunyanyua kikombe. Alikiacha mezani kikapoa chenyewe.

Alisema chumvi, alisema bawaba, alisema binti karudi. La kaka yake hakulisema. Mke alikuwa anamngojea kila asubuhi kama mtu anayengojea mvua aliyoiona inatanda jana. Usiposhtakiwa utajitetea wapi? Hata sababu yake, ambayo alikuwa nayo na ilikuwa ya kweli, ilimwozea kifuani kwa kukosa mahali pa kuitolea.

Mwishowe, siku moja alikunja sare aliyokuwa anashona, akavaa viatu, akaenda kwa muuza mbao.

Njiani aliyapanga maneno. Shemeji, siku ile sikukuambia alichosema. Nilikuambia nilichotaka mimi. Yalikuwa machache, yalimtosha mdomoni. Alipofika, msumeno mkubwa ulikuwa unapasua gogo, na kelele yake ilikuwa inaingia mpaka kwenye meno. Kaka mtu alikuwa upande wa pili wa meza, vumbi hadi kwenye nyusi. Alimwona. Uso wake haukubadilika. Akaweka kiganja sikioni.

Mke alisema maneno yake. Hayakufika hata kwake mwenyewe. Kaka mtu akatikisa kichwa kwamba hasikii. Hapo ingebidi apige kelele, aitangaze aibu yake kwa sauti ya mnada mbele ya wapasuaji na wabebaji, na alipofungua mdomo kikatoka kitu kingine.

"Ndugu yako anakuita!"

Kaka mtu aliinua mkono. Msumeno ukazimwa. Kimya kikaanguka juu ya uwanja, na watu wote wakageuka kumtazama. Sasa hakukuwa na kelele ya kusingizia. Sasa hata mnong'ono ungefika.

"Umesemaje?"

"Ndugu yako anakuita," mke akasema. "Jumapili, ukipata nafasi."

Kaka mtu alipangusa nyusi. Hakumwambia karibu, hakumwambia asante. Alisema atakuja. Mke alikuwa amefika nusu ya njia ndipo alipokumbuka kwamba Fundi hakumwita mtu. Alikwenda kuuondoa uongo mmoja, akarudi ameacha wa pili.

Nyumbani alimwambia mumewe kwamba Jumapili kaka yake anakuja. Fundi aliweka chini tupa aliyokuwa anasugulia chuma.

"Kaitwa... na nani?"

"Nimemwita mimi."

Akaichukua tupa yake akaendelea.

&nbsp;

Jumapili kaka mtu alikuja na shati la kupigwa pasi. Alikaa ukingoni mwa kiti kile kile. Mke aliweka chai mezani akataka kutoka, lakini Fundi akamwonyesha kiti, naye akakaa.

Kwa muda walizungumzia mvua na bei ya mabati, yaani kaka mtu alizungumza na Fundi akaitikia kwa kichwa. Kisha Fundi alinyoosha mgongo, akameza hewa, akasema. Haikuwa zoezi. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kujaribu, na ilimtoka vipande vipande, kingine kimezama, kingine kimeng'ang'ania kooni, mara akasimama kumeza hewa, mara akapoteza mwisho wa neno. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Kaka mtu alisogea mbele, akakunja uso, akategea sikio kama anayesikiliza redio yenye mawimbi mabovu. Fundi alipomaliza, kaka yake alikuwa amepata labda neno moja kati ya matano. Akafanya kile ambacho kila mtu alikifanya. Akamgeukia mke.

"Shemeji, anasemaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita shemeji.

Mke alikuwa ameyapata yote. Aliyasikia kwa masikio na aliyasoma midomoni, na yalikuwa mabaya kuliko alivyoogopa, kwa sababu alijiandaa kusikia shtaka tu. Fundi alikuwa anamtazama mdomo. Binti alikuwa amesimama mlangoni na mkate chini ya kwapa, ametoka kazini, hakuna aliyemsikia akiingia. Na mke aliona jinsi ilivyo rahisi. Anasema karibu. Anasema yaliyopita yamepita. Kaka mtu angefurahi, wangekunywa chai, na nani angejua?

"Anasema," akaanza, kisha akaanza upya. "Anasema siku ile hakukufukuza. Alisema yameisha, ukae mnywe chai. Aliyekufukuza ni mimi."

Kaka mtu hakujongea.

"Anasema alipiga meza kukuzuia. Na baadaye kalamu alikuwa nayo, miguu alikuwa nayo, kwako anapajua. Lakini alinyamaza." Mke alishika ukingo wa meza. Sehemu iliyobaki ilikuwa inamhusu yeye, na hakujua aiseme kwa uso gani. "Alinyamaza kwa sababu alinihitaji mimi kuliko alivyokuhitaji wewe. Anasema hilo ni kosa lake, si langu."

Chai ilikuwa inafuka moshi, hakuna aliyeigusa. Kaka mtu alimkazia macho, bila ukali, kama anavyougonga ubao kujua kama ndani umeliwa.

"Hayo ni yake," akauliza, "au ni yako?"

Mke angeapa kwa nini? Mle chumbani hakukuwa na mtu wa kumdhamini ila yule ambaye yeye mwenyewe alimwibia maneno. Akamgeukia mumewe.

Fundi alimeza hewa. Ikashuka, haikurudi. Akameza tena, akasukuma, ukatoka upepo mtupu, kikafuata kikohozi, akajifuta shingo kwa kitambaa bila kuona haya. Binti alipiga hatua moja kutoka mlangoni, mama yake akamzuia kwa jicho. Wakangoja wote.

"Kweli," akasema Fundi.

Kaka mtu aliinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yake yalipita kwa mke, yakafika mlangoni kwa binti na mkate wake, yakakaa pale kidogo, kisha yakaanguka sakafuni. Alikuwa na neno lake mwenyewe la kusema, mke aliliona kooni mwake, na mtu huyu alikuwa na sauti nzima, nzito, inayoweza kushinda msumeno. Neno halikutoka. Badala yake alikivuta kiti mpaka magoti yake yakagusana na ya mdogo wake.

"Sema tena," akamwambia. "Polepole. Niambie mwenyewe."

Fundi akaanza upya. Kaka mtu akakosea, akarudia alichodhani amesikia, Fundi akatikisa kichwa, wakarudi mwanzo kama watu wawili wanaobeba geti zito kwenye mlango mwembamba. Neno lililowakwamisha mke alilijua tangu lilipokuwa bado midomoni. Akabana meno, akaweka mikono mapajani, akangoja lifike lenyewe.